Ebola na Maneno ya Watu

Muhula uliopita mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alipotufundisha habari za virusi, aliuliza darasani kama yuko mtu aliyepata kuuona ugonjwa wa Ebola. Sikuinua mkono, maana sikuuona. Lakini maneno yaliyotembea mbele ya ugonjwa ule niliyasikia, tena mimi mwenyewe niliyabeba, na jioni ile nikaona haya kwa kunyamaza kwangu. Basi mhariri aliponiomba somo kwa upande wa Kiswahili wa gazeti letu, nilichagua jambo hili. Wenzangu wa madarasa ya juu wanisamehe nikieleza mambo wanayoyajua. Wadogo zetu pia husoma.

Kwetu ni karibu na Mpondwe, katika wilaya ya Kasese, ambako mto Lubiriha ndio mpaka wa Uganda na Kongo. Ng'ambo ni Kasindi, na ukiifuata njia utafika Beni, kisha Butembo. Sisi Bakonzo wa upande huu na Banande wa upande ule ni ndugu. Siku ya soko maelfu ya watu huvuka, na siku ya matanga vivyo hivyo. Mama yangu alizaliwa Butembo, na kaka yake, yaani mjomba wangu, alikuwa seremala huko.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeonekana katika Kivu ya Kaskazini, kwanza Mangina, karibu na Beni. Haukuwa ugonjwa mpya. Ulijulikana mara ya kwanza mwaka 1976, huko Yambuku katika Kongo, na Nzara, ambayo leo imo katika Sudan Kusini. Jina lake ni la mto ulio jirani na Yambuku. Mtu huupata kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Hauchukuliwi na upepo. Tangu siku ya kuambukizwa mpaka siku ya kuugua hupita siku 2 hata 21. Naomba msomaji azishike siku hizo 21, maana nitazirudia.

Ugonjwa ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wameugua watu 3,470 na kufa 2,287. Na hapa pana jambo la kutufikirisha. Katika vita hii madaktari walikuwa na chanjo, na baadaye wakapata dawa. Mwaka 1976 hapakuwa na hata moja ya hizo. Kwa nini basi ilichukua karibu miaka miwili? Sababu ni nyingi, na vita vya bunduki ni sababu mojawapo kubwa. Lakini nyingine ni maneno.

Wengine walisema Ebola haipo. Wengine walisema ipo, ila imeletwa ili watu fulani wapate fedha. Wengine tena walisema imeletwa ili kutumaliza. Mwezi wa Septemba 2018 wachunguzi waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja katika kila wanne aliamini kwamba Ebola si kitu cha kweli, na zaidi ya mmoja katika watatu kwamba imetungwa ili kuivuruga nchi yao. Walioamini hivyo ndio waliokuwa wazito kukubali chanjo.

Mtu wa mbali akisoma hesabu hiyo atasema, “Wajinga hawa.” Hapo mimi nakataa. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakiuawa usiku kwa mapanga na bunduki, mamia kwa mamia, na hawakuona motokaa nyingi za kuwasaidia. Ilipokuja Ebola, motokaa zikaja kwa misafara. Mtu aliyezika watoto wake kwa sababu ya vita aliuliza, “Mbona mnakihofu kifo hiki tu?” Katika muda uleule surua ilikuwa ikiua Kongo nzima, ilipofika Januari 2020 ilikwisha kuua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto, na hiyo haikuja na misafara. Tena mwezi wa Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa mpaka Machi kwa sababu ya Ebola na usalama, na rais mpya akaapishwa Januari, kabla watu wale hawajapiga kura. Nani asingeshuku? Siku ya uchaguzi watu wa Beni walijipangia kura yao wenyewe, wakanawa mikono mlangoni ili kuonyesha kwamba jambo hilo liliwezekana.

Sisemi kwamba uvumi ulikuwa kweli. Nasema kwamba ndani yake mlikuwa na jambo la kweli, nalo ndilo lililoubeba. Fedha kweli zilikuwa nyingi, na kodi za motokaa na za nyumba zilipanda. Mtu akijibu, “Huo ni uongo mtupu,” msikiaji huangalia ile motokaa mpya mlangoni, kisha humwona mjibuji ndiye mwongo.

Sasa nije kwa mjomba wangu.

Kuanzia Novemba 2018 serikali ya Uganda iliwachanja wauguzi wa wilaya za mpakani, ili ugonjwa ukivuka uwakute wamejikinga. Jirani yetu mmoja, mama mwuguzi, alikuwa miongoni mwao. Kesho yake nilitumwa kwake kurudisha sufuria, nikamkuta kitandani ana homa na maumivu ya kichwa. Nilikuwa na umri wa miaka 11, na habari hiyo niliitangaza kisimani kama mtu aliyepewa baragumu.

Mwezi wa Aprili 2019 jirani wa mjomba huko Butembo akafa kwa Ebola. Mjomba alikuwa amesaidia kumwinua kitandani. Wachanjaji wakaja, maana desturi yao ni kumchanja kila aliyemgusa mgonjwa, na kila aliyewagusa hao, mpaka ugonjwa uzungukwe kama moto unaokatiwa majani pande zote. Mkaza mjomba alikubali. Mjomba akasitasita, akampigia mama simu. Mimi nilikuwa karibu, nikasema, “Mwambie mjomba asikubali. Mama mwuguzi alichanjwa, kesho yake akaugua. Nimeona kwa macho yangu.” Mama akalirudia neno langu katika simu, vilevile nilivyolisema.

Hebu tulichunguze neno hilo kama tunavyochunguza jani darasani. Je, nilisema uongo? La. Chanjo ile huleta homa, maumivu ya kichwa na uchovu kwa watu wengi, kwa siku moja au mbili. Ni mwili unaojifunza kupigana. Ila sikusema kwamba siku ya tatu mama mwuguzi alirudi kazini, kwa sababu siku hiyo nilikuwa shuleni nisimwone. Niliona sehemu ya mambo nikaiita yote.

Kulikuwa na kosa la pili, kubwa kuliko hilo, nalo liliwapata watu wazima wenye akili. Walisema, “Fulani alichanjwa, na baada ya siku nne akapata Ebola. Basi chanjo ndiyo iliyompa.” Sasa zirudie zile siku 21. Mtu aliyemgusa mgonjwa wiki moja iliyopita huenda tayari amebeba virusi bila kujua. Chanjo nayo huhitaji siku kama 10 kabla haijamkinga. Akichanjwa leo, anaweza kuugua siku ya nne, kwa virusi alivyokuwa navyo kabla ya sindano. Na kwa kuwa wachanjaji huwatafuta hasa wale waliokwisha kumgusa mgonjwa, ilikuwa lazima watu wa namna hiyo wawepo katika kila mtaa. Kila mtu aliona kwa macho yake, na kila mtu alikosea. Chanjo yenyewe haina virusi vizima vya Ebola ndani yake. Ina sehemu moja tu ya ngozi yake ya nje, iliyowekwa juu ya virusi vingine. Ilipojaribiwa Guinea mwaka 2015, katika wale waliochanjwa mara moja hakuugua hata mmoja baada ya siku 10 kupita.

Mjomba alikwenda shambani, mbali na mji, asionekane na wachanjaji. Huko akapata homa. Ebola huanza kama malaria, na duka la dawa likamwuzia dawa ya malaria. Binti yake, ambaye mimi humwita dada, alimwuguza. Siku ya saba alipoletwa kituoni alikuwa hajui tena watu. Alilala usiku mbili akafa.

Mtaani wakasema, “Mnaona? Aliingia anapumua, akatoka maiti. Humo ndani huuawa.” Na hili, wasomaji wangu, ndilo jambo ninalotaka mlielewe kuliko yote katika somo hili. Watu waliogopa kituo kwa sababu walioingia walikufa. Kwa kuwa waliogopa, walijificha mpaka wakawa mahututi. Kwa kuwa walifika mahututi, walikufa. Na kwa kuwa walikufa, jirani zao wakaogopa zaidi. Uvumi ule ulikuwa ukijitengenezea ushahidi, na kila jeneza lilikuwa shahidi wake mpya. Haungeweza kukomeshwa kwa kipaza sauti juu ya motokaa. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo akiwa kazini.

Dada yangu alivunja mzunguko huo kwa upande wa nyumba yetu. Alijua amemgusa baba yake. Siku ileile ya kwanza alipopata homa akajipeleka mwenyewe. Ndugu walimlilia kama aliyekwisha kufa. Alipewa moja ya dawa nne zilizokuwa zikijaribiwa wakati ule, akapona. Mwezi wa Agosti 2019 madaktari, na Profesa Muyembe wa Kongo akiwa mmoja wa viongozi wao, walitangaza kwamba mbili katika dawa zile nne zilizishinda nyingine. Kati ya wagonjwa waliopewa dawa hizo mbili wakiwa bado na virusi vichache mwilini, karibu 9 katika 10 walipona. Waliokuja virusi vikiwa vimejaa mwilini wengi walikufa hata kwa dawa hizo. Kwa hiyo hata madaktari hawakujua tangu mwanzo ni dawa ipi iliyo bora. Walijaribu, wakapima, wakaacha zilizoshindwa. Naona ni heri watu wangeambiwa hivyo waziwazi kuliko kuambiwa “mtuamini tu.”

Alipopona, dada aliajiriwa kuwalea watoto wadogo ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Aliyepona Ebola mwili wake umejikinga, hivyo aliweza kumbeba mtoto ambaye wengine waliogopa kumshika. Akirudi mtaani jioni, watu walimwuliza yaliyomo ndani. Hakuwa na karatasi wala picha. Aliwaambia chakula walichokula, nani alilia usiku, nani ametoka leo. Mama mmoja aliyekuwa amemficha mtoto wake chumbani alimfuata usiku kwa siri, na asubuhi wakaenda kituoni pamoja.

Beni walifanya jambo jingine ambalo mimi nalipenda sana. Watu walisema madaktari huwakata wagonjwa viungo na kuviuza. Basi kikajengwa chumba cha kuta nyeupe zinazopenyeza nuru kama kioo. Mgonjwa akilala ndani, mke wake husimama nje, wakatazamana na kuzungumza. Daktari akiingiza mikono katika mikono ya mpira iliyofungwa ukutani, ndugu huona kila alifanyalo. Hakuna hotuba iliyojibu maneno ya viungo kama ukuta ule ulivyojibu.

Nyanya yangu, mama yake mama, aliishi kwetu upande wa Uganda. Hakwenda kumzika mwanawe, wala mama hakwenda. Mjomba alizikwa na watu waliovaa nguo nyeupe toka kichwani hata miguuni. Twajua kwa nini. Maiti ya Ebola ina virusi vingi kuliko mgonjwa, na kuosha maiti kumewaua wengi. Lakini nyanya hakuambiwa hayo na mtu wa kuketi naye. Aliletewa karatasi ya Kiswahili cha vitabu, naye hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Kwa Kikonzo angelielewa.

Mwezi uliofuata, Juni 2019, Ebola ikavuka kweli. Familia moja iliyotoka matangani Kongo iliingia Kasese, na mtoto wa miaka 5 akapimwa katika hospitali ya Bwera. Walikufa watu watatu wa familia ile. Ugonjwa haukuenea Uganda zaidi ya hapo wakati ule, na mama mwuguzi jirani yetu, yule wa homa ya siku mbili, alikuwa miongoni mwa waliokuwa zamu wilayani siku zile. Hakuugua. Hiyo sikuitangaza kisimani. Sijawahi kumsikia mtu yeyote akipiga mbio kutangaza habari ya mtu ambaye hakuugua.

Msidhani kwamba haya ni mambo ya watu wa mpakani tu. Nigeria mwaka 2014 watu wapatao wawili walikufa kwa kunywa maji ya chumvi, waliyoambiwa huzuia Ebola. Na huko Uingereza, nchi ya madaktari wengi, Andrew Wakefield aliandika mwaka 1998 katika jarida kubwa la udaktari juu ya watoto 12 tu, akawatia wazazi hofu kwamba chanjo ya surua huharibu akili za watoto. Jarida liliifuta makala yake mwaka 2010, naye akaondolewa katika orodha ya madaktari. Kwa miaka hiyo 12 wazazi wengi waliwanyima watoto wao chanjo, na surua ikarudi.

Mwaka jana nilipokwenda nyumbani likizo, nilikuta neno jipya. Mdogo wangu wa kike alikuwa ametimiza miaka 10, na shuleni kwao wasichana wa umri huo walikuwa watachanjwa kuzuia kansa ya mlango wa kizazi, kansa inayowaua wanawake wengi sana wa Uganda. Nyanya alikuwa amesikia sokoni kwamba sindano ile hufunga uzazi. Alisema mtoto hatakwenda.

Kama ningalikuwa bado yule wa kisimani, ningalimwambia nyanya kwamba hana elimu. Badala yake nilimwuliza alichosikia, akanieleza, na nikaona kwamba maswali yake yalikuwa mazuri kuliko majibu yaliyoletwa kijijini. Kwa nini wasichana tu? Kwa nini wa miaka 10 na si mama zao? Na kwa nini bure, wakati hata kidonge cha kichwa hununuliwa? Nilimjibu kwa Kikonzo, nikianza na yale aliyokuwa na haki kuyauliza. Kwamba kansa hiyo hutokana na virusi vinavyopatikana katika mambo ya mume na mke, na chanjo hufaa zaidi ikimtangulia mume. Kwamba mlango wa kizazi ni wa mwanamke, ingawa nchi nyingine huchanja wavulana pia kwa sababu nao hubeba virusi hivyo. Kwamba si bure. Hulipiwa na serikali pamoja na shirika la Gavi.

Ndipo likabaki lile la uzazi. Hapo nilitumia swali alilotufundisha mwalimu wetu: kama maneno haya ni kweli, tungeona nini? Chanjo hii ilijaribiwa kwanza Ibanda na Nakasongola, kuanzia mwaka 2008, kabla ya kufika nchi nzima mwaka 2015. Wasichana wa Ibanda waliokuwa na miaka 10 wakati ule sasa ni wanawake wa miaka 27 au 28. Kama ingefunga uzazi, Ibanda ingekuwa na kizazi kizima cha wanawake wasiozaa, na jambo kama hilo halifichiki. Katika bweni letu yuko mwenzetu wa Ibanda. Dada yake mkubwa alichanjwa mwaka ule, naye ana watoto wawili, na wa pili ni mtukutu sana. Nyanya alitaka kujua habari za huyo wa pili kuliko habari za chanjo.

Hakusema ndiyo. Alisema atakwenda mwenyewe shuleni siku hiyo. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akaketi kwenye benchi pamoja na wasichana, akatazama kila sindano ikifunguliwa kutoka karatasi yake. Zamu ya mdogo wangu ilipofika, nyanya alisimama akamwuliza mwuguzi kama naye ana binti. Mwuguzi akasema anaye, wa miaka 12. “Yeye je, alichanjwa?” Mwuguzi akasema alimchanja kwa mkono wake mwenyewe. Nyanya akamtazama muda mrefu, mpaka walimu wakaanza kuona haya kwa ajili yake.

Kisha akamshika mdogo wangu begani, akamkunjia mkono wa gauni.